Mbegu chache si jina la ugonjwa: jibu kwa msomaji anayetafuta chanzo cha ugumba wake

Swali: Nina umri wa miaka 34, na huu ni mwaka wa tatu mimi na mke wangu, mwenye miaka 31, tunatafuta mtoto bila mafanikio. Yeye amekwisha kupimwa mara mbili na kuambiwa hana tatizo. Mimi sikuona haja ya kupima kwa kuwa nguvu zangu za kiume ni nzuri na shahawa hutoka kwa wingi. Mwezi uliopita nilikubali, na majibu yakaonyesha mbegu milioni 4 kwa kila mililita, huku zinazotembea zikiwa asilimia 20. Nilishauriwa ninywe vidonge vya vitamini na nichomwe sindano za testosteroni ili mbegu zipate nguvu. Sababu sikuelezwa. Niseme pia kwamba nilitumia sindano za kujenga misuli, kwa vipindi, kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na niliziacha miezi 7 iliyopita. Zaidi ya hapo, korodani ya kushoto huwa nzito nikisimama kwa muda mrefu. Ni mambo gani husababisha hali hii, na je, bado ninaweza kupata mtoto?

Jibu: Ndugu yangu, kabla sijaeleza sababu hata moja, nakuomba usichomwe sindano hiyo ya testosteroni, na kama umekwisha kuanza, mrudie daktari aliyekuandikia umweleze waziwazi kwamba unatafuta mtoto, ili dozi inayofuata isitolewe. Nimeanza hapa kwa makusudi. Mengine yote nitakayoyaeleza yanaweza kusubiri wiki moja au mbili bila madhara, lakini sindano hiyo, ambayo mara nyingi hutolewa kwa nia njema na watu wanaoamini kwamba homoni ya kiume lazima iongeze mbegu za kiume, inaweza kuzishusha mbegu zako kutoka milioni 4 hadi sifuri.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo hutoa homoni mbili zinazoongoza korodani, nazo ni LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH huchochea seli zinazolea mbegu changa. Testosteroni inayohitajika katika kutengeneza mbegu si ile inayozunguka katika damu, bali ile iliyomo ndani ya korodani zenyewe, ambako kiwango chake huzidi cha damu mara nyingi sana, pengine hata mara 100. Mtu anapochomwa testosteroni kutoka nje, damu hujaa homoni, ubongo huona kwamba imetosha, pituitari hupunguza au kuacha kabisa kutoa LH na FSH, na korodani, zikiwa hazipati tena amri, huishiwa testosteroni ya ndani ijapokuwa ya kwenye damu ni tele. Uzalishaji wa mbegu hufifia na korodani husinyaa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuratibu utafiti katika nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 1990, ambamo wanaume wenye afya njema walichomwa testosteroni kila wiki kama njia ya kuzuia mimba, na ndani ya miezi 6 zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja katika shahawa. Ulichoshauriwa kama dawa ya kupata mtoto ndicho kilichopimwa kama dawa ya kuzuia mtoto.

Sindano za kujenga misuli ni za ukoo huohuo. Nyingi ni testosteroni yenyewe au steroidi zinazofanana nayo, na huziba amri za ubongo kwa njia ileile. Umefanya jambo la maana sana kuzitaja, kwa sababu wanaume wengi huzificha hata mbele ya daktari, na daktari asiyezijua hutafuta chanzo mbali wakati kiko karibu. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza katika shauri lako ni sindano hizo. Habari ya kutia moyo ni kwamba, kwa walio wengi, uzalishaji hurejea baada ya kuacha, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12, ingawa baadhi huhitaji hata miaka 2, na wachache, hasa waliotumia dozi kubwa kwa miaka mingi, hawarudi kabisa walipokuwa. Wewe una miezi 7. Huenda mbegu milioni 4 ulizoonyeshwa ni hatua ya kati katika kupanda, na huenda sivyo. Cheti kimoja cha maabara hakiwezi kutofautisha anayepanda na aliyekwama. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kutumia kuiamsha korodani iliyolala, kama vile homoni ya hCG au vidonge vya klomifeni, lakini huandikwa baada ya kupima homoni za mgonjwa. Usizinunue kwa ushauri wa wenzako wa mazoezi, ambao ndio mara nyingi huzisambaza pamoja na steroidi zenyewe.

Sasa nirudi kwenye jambo lililokuchelewesha miaka miwili, yaani imani kwamba nguvu za kiume ni uthibitisho wa uwezo wa kuzalisha. Ninalikuta jambo hili mara nyingi mno, na linaniumiza kwa sababu gharama yake hulipwa na mke, ambaye hupimwa, hurudiwa kupimwa na wakati mwingine hulaumiwa hadharani, huku mume akiwa hajatoa hata sampuli moja. Ndani ya korodani mna kazi mbili zinazofanywa na seli tofauti. Seli zilizo kati ya vijirija, yaani mirija myembamba iliyomo ndani ya korodani, hutengeneza testosteroni, inayotia hamu na kusaidia uume kusimama. Mbegu zenyewe hutengenezwa ndani ya vijirija hivyo. Kazi ya pili inaweza kuharibika kabisa huku ya kwanza ikiendelea vizuri. Wingi wa shahawa nao haukuambii kitu kuhusu mbegu, kwa kuwa mbegu ni asilimia 2 hadi 5 tu ya ujazo wote; sehemu kubwa ya majimaji hayo hutoka katika vifuko vya manii vilivyo nyuma ya kibofu, na sehemu nyingine katika tezi dume. Takriban mwanaume 1 katika kila 100 hana mbegu hata moja katika shahawa, na wengi wao hawana dalili yoyote ya nje. Kwa ujumla, katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume huwa na mchango, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Ndiyo maana wenzi wanapotimiza miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga na bila mimba, wote wawili wanapaswa kuchunguzwa kwa wakati mmoja.

Tuyatazame majibu yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha rejea kuwa ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla ya mbegu milioni 39 katika shahawa yote, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo la kawaida asilimia 4. Namba hizi zimetokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na zinaonyesha mahali ambapo asilimia 5 ya chini kabisa ya wanaume hao walikuwa. Maana yake ni kwamba aliye chini ya namba hizo anaweza kuzalisha, ila uwezekano wake kwa kila mwezi ni mdogo. Na aliye juu yake hana hati ya uhakika. Namba yako iko chini kiasi cha kutosha kutushughulisha, kwa sababu upungufu ulio chini ya milioni 5 huitwa mkali na hudai vipimo vya ziada nitakavyovitaja baadaye.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha wiki moja au mbili kukomaa na kusafiri katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani, kwa hiyo shahawa ya leo inaeleza hali ya mwili wako ya miezi mitatu iliyopita. Homa kali ya wakati huo inaweza kuonekana leo kama upungufu mkubwa. Uchukuaji wa sampuli nao huharibu majibu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Inatakiwa mtu awe amekaa bila kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7, asipoteze tone la kwanza, ambalo kwa kawaida ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imehifadhiwa karibu na joto la mwili. Kondomu ya kawaida isitumike kukusanyia, kwa kuwa ina kemikali zinazoua mbegu au kuzidhoofisha. Rudia kipimo hicho, na ikiwezekana katika maabara ileile.

Mshukiwa wa pili katika barua yako ni uzito wa korodani ya kushoto. Maelezo yako yanafanana na hali iitwayo varikosili, yaani kuvimba kwa vena zinazorudisha damu kutoka korodani. Karibu asilimia 15 ya wanaume wote wanayo, na wengi wao huzaa bila shida yoyote, lakini miongoni mwa wanaume wenye ugumba hupatikana kwa asilimia 35 hadi 40, na kwa hiyo ndiyo sababu inayotibika inayoonekana mara nyingi kuliko nyingine zote. Hupenda upande wa kushoto kwa sababu ya namna mwili ulivyojengwa: vena ya korodani ya kulia huingia kwa mshazari katika vena kuu, ilhali ya kushoto hupanda mbali zaidi na kuingia katika vena ya figo kwa pembe ya mraba, hivyo damu hupata upinzani na, vali zikiwa dhaifu, hurudi chini na kutuama. Mtu akisimama muda mrefu vena hujaa na korodani huwa nzito. Akilala hunywea na uzito hutoweka.

Damu hiyo iliyotuama hudhuru hasa kwa joto lake. Korodani ziliwekwa nje ya tumbo kwa sababu zinahitaji kuwa na joto la nyuzi 2 hadi 4 pungufu ya lile la ndani ya mwili, na vena zilizojaa damu ya moto huharibu mpangilio huo, kwa korodani zote mbili ijapokuwa tatizo ni la upande mmoja. Inadhaniwa pia kwamba huongeza chembe haribifu za oksijeni ambazo huumiza utando wa mbegu na vinasaba vilivyo ndani yake. Utambuzi wake hautaki mashine ghali, bali daktari anayekupima kwa mikono ukiwa umesimama katika chumba chenye joto la wastani, akikutaka ukaze tumbo kama mtu anayesukuma choo. Nasisitiza mikono, kwa sababu varikosili ambayo haigusiki na huonekana kwa altrasaundi peke yake haijathibitika kuleta ugumba, na kuipasua ni kumsumbua mgonjwa bure. Ile inayogusika, kwa mwanaume mwenye mbegu pungufu na mke asiye na kizuizi kikubwa, hufungwa kwa upasuaji mdogo, na wengi wa wanaofanyiwa huona namba zao zikipanda katika miezi 3 hadi 6 inayofuata. Kuna onyo moja tu: uvimbe wa vena ulio upande wa kulia peke yake, au uliotokea ghafla, au usionywea mtu akilala, hudai picha ya tumbo, kwa kuwa unaweza kusababishwa na uvimbe wa figo au kitu kingine kinachobana vena huko juu.

Sindano na varikosili zinaweza kuwa pamoja kwa mtu mmoja. Nalisema hili kwa sababu wagonjwa hupenda kupata chanzo kimoja, na madaktari pia, kisha wakikipata huacha kutafuta. Kwa hiyo acha nikutajie sababu nyingine zinazofaa kuulizwa, ili ujue kujibu utakapoulizwa, au uulize mwenyewe usipoulizwa.

Utoto una mengi ya kusema. Mtoto wa kiume ambaye korodani yake haikushuka, hali inayoonekana kwa asilimia 1 hadi 3 ya watoto waliotimiza miezi ya kuzaliwa na kwa wengi zaidi kati ya wale waliozaliwa njiti, huwa katika hatari ya ugumba kwa sababu korodani hiyo hukaa katika joto la mwili, na ndiyo maana upasuaji wa kuishusha hushauriwa kufanywa kati ya umri wa miezi 6 na 18. Muulize mama yako au mlezi wako kama uliwahi kuwa na tatizo hilo au kufanyiwa upasuaji wa ngiri ungali mdogo, kwa kuwa katika upasuaji wa ngiri mrija wa mbegu unaweza kujeruhiwa bila mtu kugundua hadi utu uzima. Korodani iliyojisokota, ambayo huleta maumivu makali ya ghafla, inatakiwa kufumuliwa ndani ya saa 6 hivi, vinginevyo inaweza kufa. Matumbwitumbwi yakimpata mvulana aliyekwisha kubalehe, yanaweza kuvimbisha korodani moja au zote mbili na baadaye kuzisinyaza. Kabla ya balehe hatari hiyo ni ndogo sana.

Maambukizi yana sura nyingine, kwa sababu mara nyingi hayagusi utengenezaji wa mbegu, bali barabara yake. Kisonono na klamidia visivyotibiwa mapema huweza kupanda hadi kwenye mrija ulio nyuma ya korodani na kuacha makovu yanayoziba njia, na klamidia hasa ni hatari kwa ukimya wake, kwani wanaume wengi hawapati dalili yoyote. Kifua kikuu cha viungo vya uzazi hufanya hivyohivyo. Njia ikiziba pande zote mbili, korodani hufanya kazi kama kawaida lakini hakuna mbegu inayotoka. Wewe una mbegu, ingawa chache, kwa hiyo kuziba kabisa kumeondoka katika orodha yako. Kama chembe nyeupe za damu zilionekana kwa wingi katika shahawa yako, sema, ili maambukizi yatafutwe na kutibiwa kwako na kwa mke wako kwa pamoja. Nisiloliafiki ni desturi ya kumpa kila mwanaume mwenye mbegu chache dozi mbili tatu za antibiotiki bila ushahidi wowote wa maambukizi.

Kuhusu vinasaba, wanaume wenye mbegu chini ya milioni 5 kwa mililita wanastahili kupimwa kromosomu zao, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Hali ijulikanayo zaidi ni ile iliyopewa jina la daktari Mmarekani Harry Klinefelter, aliyeieleza mwaka 1942, ambamo mwanaume huzaliwa na kromosomu X ya ziada. Humpata takriban mvulana 1 kati ya 600, na wengi hawajui mpaka wanapotafuta mtoto, kwa kuwa maisha yao ya kawaida hayana tofauti kubwa na ya wengine isipokuwa korodani ndogo na ngumu. Kuna pia wanaume waliokosa vipande vidogo vya kromosomu Y vinavyohitajika kutengeneza mbegu, jambo linalotafutwa hasa pale mbegu zinapokuwa chini ya milioni 1 au hazipo kabisa. Kipimo hiki kina umuhimu wa pekee, kwani kasoro ya kromosomu Y hurithiwa na kila mtoto wa kiume atakayezaliwa, na wazazi wana haki ya kulijua hilo kabla ya kuamua njia ya matibabu.

Ubongo wenyewe unaweza kuwa chanzo. Uvimbe wa pituitari unaotoa kwa wingi homoni iitwayo prolaktini hupunguza LH na FSH, na kwa kawaida huambatana na kupungua kwa hamu au maumivu ya kichwa, dalili ambazo hukuzitaja. Dawa za hospitali nazo ziulizwe moja baada ya nyingine: tiba za saratani, sulfasalazini inayotumika kwa magonjwa ya utumbo, dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni zikitumiwa muda mrefu, na baadhi ya dawa za tezi dume, ambazo haziui mbegu bali hubadilisha namna shahawa inavyotoka. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia, kwa kuwa nyingi zina mbadala.

Mazingira ya kazi hayapaswi kusahaulika. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kemikali huko Lathrop, California, waligundua kupitia mazungumzo yao wenyewe kwamba wengi wao hawapati watoto, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kiuatilifu walichokuwa wakikitengeneza, kiitwacho DBCP, kilikuwa kimeharibu uzalishaji wa mbegu zao. Baadhi walipata nafuu baada ya kuondolewa kazini na wengine hawakupata. Madini ya risasi na baadhi ya viuatilifu vingine vina madhara ya namna hiyo, na joto la muda mrefu la tanuru au injini linaweza kuongeza tatizo. Sigara, bangi, pombe nyingi na unene uliopindukia vyote vimehusishwa na mbegu dhaifu, na nakushauri uviache au uvipunguze, ila sikubali pale mgonjwa mwenye mbegu milioni 4 anapoambiwa aache sigara kisha akarudishwa nyumbani kana kwamba hiyo ndiyo tiba kamili.

Kwa upungufu wa shahawa yenyewe nitasema machache, kwa kuwa wewe una ujazo mzuri. Kisukari cha muda mrefu na upasuaji wa kibofu huweza kuifanya shahawa irudi nyuma na kuingia kibofuni badala ya kutoka. Swali ambalo watu huona haya kuliuliza, lakini ambalo lina uzito, ni mara ngapi mnakutana. Kila siku 2 au 3 katika mzunguko mzima kunatosha, bila kubanana na kalenda. Wanaosubiri siku moja waliyoihesabu kwa simu mara nyingi huikosa. Vilainishi vingi vinavyouzwa, na mate pia, hupunguza mwendo wa mbegu.

Baada ya vipimo vyote, kuna kundi kubwa la wanaume ambao chanzo chao hakionekani, na hapo ndipo biashara ya vidonge na mitishamba ya kuongeza mbegu inapostawi. Vitamini ulizoandikiwa pengine hazitakudhuru, lakini usizitegemee. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2020, uliohusisha wanaume zaidi ya 2,000 waliotafuta matibabu ya uzazi pamoja na wake zao, ulilinganisha madini ya zinki pamoja na folate, ambayo ni aina ya vitamini B, dhidi ya vidonge visivyo na dawa, na haukuona tofauti katika ubora wa shahawa wala katika idadi ya watoto waliozaliwa. Kitu kitakachokudhuru zaidi ya kidonge ni miezi utakayoipoteza ukikisubiri.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Muone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume, akupime kwa mikono, ukubwa wa korodani zote mbili na vena zake. Katika damu ya asubuhi zipimwe FSH, LH, testosteroni na prolaktini. Mpangilio wa namba hizo utasema mengi: FSH na LH zikiwa chini sana, ubongo bado umelala kutokana na sindano au una tatizo lake, FSH ikiwa juu, korodani zenyewe ndizo zinazoshindwa, na ubongo unazipigia kelele bila kupata jibu. Kipimo cha kromosomu kiongezwe iwapo shahawa ya pili itabaki chini ya milioni 5. Ukigusa uvimbe mgumu katika korodani usisubiri miadi, kwa kuwa saratani ya korodani huonekana mara nyingi zaidi kwa wanaume wenye ugumba kuliko kwa wengine, na ikiwahiwa hupona vizuri.

Nenda na mke wako. Umri wake wa miaka 31 unawapa nafasi ya kusubiri miezi michache ili mwili wako urejee, jambo ambalo nisingelisema kwa urahisi kama angekuwa na miaka 38, kwa sababu mayai hupungua kwa kasi baada ya 35. Ulizeni pia ni vipimo gani alivyofanyiwa, kwa kuwa kuambiwa hana tatizo kunaweza kumaanisha kwamba mirija yake ilichunguzwa kikamilifu, au kwamba alipimwa homoni tu.

Umeuliza kama bado unaweza kupata mtoto. Kwa namba ulizonazo, uwezekano wa mimba ya kawaida upo, ingawa umepungua, na utaongezeka kama uzalishaji utarejea baada ya sindano au varikosili ikitibiwa. Visipofaa hivyo, ipo njia iliyoleta mimba zake za kwanza mjini Brussels na kutangazwa mwaka 1992, ambamo mbegu moja tu iliyo hai huchaguliwa na kuingizwa kwa sindano ndani ya yai katika maabara. Kwa njia hiyo hata wanaume wenye mbegu chache sana wamepata watoto wao wa damu. Ni njia nzito kwa mwili wa mwanamke na kwa mfuko wa familia, wala haifanikiwi kila mara, kwa hiyo singependa muikimbilie kabla ya kujua ni kipi kati ya vyanzo hivi kinaweza kuondolewa. Utakapomwona bingwa, mpe tarehe ya sindano yako ya mwisho na majina ya kila ulichojichoma, hata kama ni aibu kuyataja, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayomwambia kama akungoje au aanze kukutibu sasa.